Maji ya Nyumba Iliyofungwa Makoko

Vijana wa karakana, mliniaga kwa soda na maneno mazuri, mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi ya mabomba tangu Musoma ikiwa mji wa kujuana. Vyeo sitavitaja. Mnavijua, havikuwa vingi. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi nitaandika habari ya bili moja iliyokwenda kwa mtu asiyehusika, kwa sababu ndiyo inayonirudia mara nyingi sasa hivi nikikaa barazani kwangu Kigera bila pa kwenda asubuhi.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru. Siku ya kwanza nilipewa spana nzito kuliko panga la baba yangu, nikaambiwa nimfuate fundi Wambura na nisiulize maswali. Wambura alikuwa Mzanaki mwembamba, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kiko, na kabla ya kunywa uji hakuwa anasema na binadamu. Tulitembea mpaka chini kwenye mitambo ya ziwani tukiwa kimya. Huko akanionyesha chujio la pampu, ambalo kazi yake ni kuzuia takataka, na ndani yake mlikuwa na samaki, kamongo mkubwa, amejikunja kama mkanda. Mji mzima ulikuwa hauna maji tangu jana yake. Tulimtoa, maji yakaenda, na mchana tukamla na ugali. Hapo ndipo Wambura alipofungua mdomo. Alisema, "Umeanza vizuri. Wengi siku ya kwanza wanakutaga matope tu."

Kitu kikubwa alichonifundisha ni kusikiliza. Ninyi mna vyombo vya betri. Sisi tulikuwa na fimbo ya chuma, ndefu kama mkongojo, yenye kibao cha mti upande wa juu. Unasimamisha chuma juu ya bomba, unaweka sikio kwenye kibao, unafumba macho. Mabomba ya Musoma yamepita juujuu kwa sababu chini ni mwamba, kwa hiyo sauti inasafiri mbali. Maji yanayovuja yananong'ona bila kukoma. Maji yanayotumika yanakuja na kuondoka. Ilinichukua muda mrefu kutofautisha, na Wambura hakunisaidia. Nikikosea alinirudishia fimbo na kusema, "Sikiliza tena, usibuni."

Tulizunguka sana. Bunda tulifukua bomba lililokanyagwa na ng'ombe msimu wa pamba, na mzee mmoja akatushitaki kwamba tumemkatia maji, kumbe koki yake mwenyewe alikuwa ameifunga na kusahau. Wambura aliifungua, maji yakatoka, na mzee akatutazama kwa chuki kana kwamba tumemfanyia mazingaombwe. Kazi ya maji haina shukrani.

Sasa nije kwenye hiyo bili.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Siku moja mwanamke mrefu aliingia ofisini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Mwalimu Nyangeta, mwalimu mkuu wa shule ya kijiji kipya upande wa Butiama. Zamani alikuwa amepanga nyumba Makoko, pembeni mwa mji wetu, mali ya mzee mmoja mvuvi aitwaye Maingu. Alihama, akatoa taarifa ofisini kwamba amehama, na ofisi ikaisahau. Sasa bili za nyumba ile ya Makoko zilikuwa zinamfuata kwa jina lake. Jambo lenyewe lilikuwa baya kuliko linavyosikika, maana bomba la kwenda shuleni kwake lilikuwa limeshalazwa, yeye ndiye aliyetakiwa kutia sahihi lifunguliwe, na karani mkuu alikuwa amekataa.

"Jina lenye deni halifungui mita mpya," karani alisema.

"Ile nyumba nilishahamaga zamani," Mwalimu akajibu. "Ulitaka nikae Butiama nioge Makoko?"

"Mita inaonyesha maji yametumika, Mwalimu. Tena mengi."

"Basi iulize mita ilikuwa na nani."

Watu wa kwenye foleni walicheka, karani hakucheka. Mwalimu akasema watoto wake wanateka maji bondeni pamoja na ng'ombe, wawili wameshalazwa kwa kuhara, na hatatoka Musoma mpaka mtu aende akaione ile nyumba. Baada ya siku kadhaa za kelele hizo, nikaitwa mimi.

Nilikwenda kwa baiskeli mchana wa jua kali. Nyumba ya Maingu ilikuwa peke yake karibu na ziwa, nyuma yake mawe makubwa yale ya kwetu yaliyopandana. Madirisha yalikuwa yamepigiwa mbao. Mlangoni kulikuwa na kufuli lenye kutu, na nyasi zilikuwa zimeota mpaka kwenye kizingiti. Niligonga, nikaita hodi. Kimya. Nikaenda kwenye mita nikiwa na hakika kwamba nitakuta bomba limepasuka chini ya sakafu, niandike hivyo, nirudi.

Mshale wa mita ulikuwa unazunguka. Nikiwa nautazama, ukasimama. Baada ya kitambo ukaanza tena, ukasimama tena. Bomba linalovuja halipumziki. Hili lilikuwa linapumzika.

Nikasimamisha fimbo yangu juu ya bomba, nikaweka sikio. Nilisikia maji yakiingia kwenye chombo, sauti ikipanda kadiri chombo kinavyojaa, kisha koki kufungwa. Halafu chombo kingine. Halafu kingine, kidogo zaidi. Na katikati ya vyombo, nikasikia mtu akiimba. Haukuwa wimbo wa kanisani wala wa ngoma. Ulikuwa ule ambao mama zetu wanauimba polepole wakimwogesha mtoto mchanga, wanapommwagia maji mgongoni.

Niliinua kichwa. Mbao za madirisha zilikuwa palepale, kufuli lilikuwa palepale. Hewani hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya ndege wa ziwani. Nikashusha sikio, wimbo ukawepo.

"Wewe wa maji! Toa sikio lako hapo!"

Alikuwa jirani, Mama Bwire, amesimama nyuma ya ua wake wa minyaa. Hakukaribia hata hatua moja. Nilimwamkia, nikamwuliza nani anaishi mle.

"Hakuna mtu. Maingu anaumwa, yuko hospitali toka mvua. Mle kuna dada yake."

"Si umesema hakuna mtu?"

"Dada yake alikufaga," alisema. "Nyamisi. Alizama huko kijijini kwake Suguti, tukamlilia, matanga nilikaa mimi mwenyewe. Alikuwaga mkunga, hata huku kwa kaka yake alikuwa anakuja. Sasa amerudi, kila siku anaogesha watoto. Sauti yake naijua, baba, alinizalisha mara tatu."

Nilikuwa kijana niliyejiona nimesoma, nikaamua kufanya jaribio. Nilifunga koki ya nje, ile tuliyoiita stopkoki, maji yakakatika, nikaweka sikio nione kitakachotokea. Koki ya ndani ilifunguliwa, ikakoroma hewa. Chombo kikaanguka. Nyayo zikaja mbio, nyayo za miguu mitupu juu ya saruji yenye maji. Kisha, karibu kabisa, kama vile mtu ameweka mdomo kwenye koki na mimi nimeweka sikio upande wa pili, sauti ya mwanamke ikasema, "Maingu?"

Nikafungua maji. Halafu nikaondoka. Nilipofika karakana ndipo nikakumbuka kwamba nilikwenda na baiskeli.

Wambura alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna, akameza.

"Ulipofunga maji alikimbia?"

"Alikimbia."

"Basi ana kiu. Wafu hawana kiu, Masatu." Akafunga muhogo uliobaki kwenye gazeti. "Kesho twende na huyo mwalimu. Nyumba aliishi yeye."

Mwalimu Nyangeta alikuwa amefikia kwa rafiki yake mjini, akija ofisini kila asubuhi kumkera karani. Kesho yake mchana tukashuka watatu Makoko. Baiskeli yangu ilikuwa palepale nilipoiacha, hakuna aliyethubutu kuigusa. Wambura alisikiliza kwanza, muda mrefu, uso wake hausemi kitu. Akampa Mwalimu fimbo. Mwalimu akainama, akaweka sikio, na nikaona mkono wake unashika ukuta.

"Huyo ni Nyamisi," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto wangu wa kwanza alimpokea humu humu ndani, nikiwa mpangaji. Akaniimbia huu wimbo. Nami nilikwenda kumlilia Suguti. Kanga yake ilikutwa kwenye mawe ya ziwa pamoja na ndoo yake."

"Mwili uliuona?" Wambura aliuliza.

"Mwili haukuonekana."

Nitawaambia ukweli, vijana, kama Mwalimu angesema turudi, ningeshukuru. Yeye alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa uani, nasi tukamfuata. Pale hapakuwa na kufuli. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mwalimu hakugonga. Aliweka kiganja juu ya mbao akasema, "Mama Nyamisi. Ni mimi Nyangeta, niliyekuwa mpangaji."

Wimbo haukuwepo tena. Tone moja lilidondoka ndani, nalo tulilisikia bila fimbo.

"Sikuja na watu wa Suguti," Mwalimu aliendelea. "Mtoto uliyemshika humu ndani anatembea sasa. Anaongea sana, kama baba yake. Yule aliyezaliwa na kitovu shingoni, ukasema ataishi. Anaishi, mama."

Tulisubiri. Mimi nilikuwa natazama chini ya mlango, kwenye ufa wa mwanga, na nikaona kivuli cha miguu kimesimama pale. Sijui kilikuwa kimesimama tangu lini. Komeo likasogea.

Alikuwa mwanamke mzima, mweupe wa vumbi kwa kukosa jua, amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji kama vya mfuaji. Alimtazama Mwalimu tu. Akasema, "Anatembea?" Mwalimu akamkumbatia pale pale mlangoni.

Ndani sijawahi kuona kitu kama kile, wala sitaki kukiona tena. Sakafu yote ya sebule ilikuwa imepangwa vyombo vilivyojaa maji: mitungi, sufuria, mabakuli, vikombe, vifuniko vya sufuria, mpaka makopo ya maziwa na vijiko vilivyoegemezwa mipini ukutani ili maji yasimwagike. Katikati kulikuwa na kijia chembamba cha kupitia mguu mmoja. Mwanga uliingia kwenye nyufa za mbao na kila chombo kilikuwa na mstari wake mweupe unaotetemeka. Nilipovuta pumzi niliona kama maji yote yanapumua pamoja nami.

Alitueleza akiwa amekaa karibu na mlango, kwa maneno machache, maana alikuwa amezoea kunyamaza. Kijijini kwake, walipohamishwa wakajengewa nyumba za mstari, watu wa koo mbalimbali wasiojuana wakawekwa pamoja. Mwaka uleule surua ikapita. Watoto wengi waliokufa ni yeye aliyewapokea wakizaliwa, na baadhi aliitwa kuwatazama walipougua. Maneno ya uchawi yakaanza mtoni, yakaja kwenye kilabu cha pombe, yakafika mlangoni kwake na mienge. Mume hakuwa naye tena. Kaka yake Maingu alimchukua kwa mtumbwi kabla wenye mienge hawajarudi mara ya pili, akaacha kanga na ndoo juu ya mawe, akalia pamoja na waombolezaji. Nyumba ya Makoko ilikuwa imeachwa na Mwalimu. Maingu akaifunga kwa mbele, akampitisha kwa nyuma. Bili akaziacha kwa jina la Mwalimu, akizilipa mwenyewe dirishani, ili asitokee mtu wa kuuliza nani anatumia maji katika nyumba isiyo na mtu. Halafu akaugua.

"Aliniambia chakula ni kidogo, lakini maji yapo," Nyamisi alisema. "Nikaogopa yatakatika. Nikajaza. Maji ya kulala yanaleta wadudu, kwa hiyo nayamwaga, najaza tena." Akanigeukia. "Jana yalikatika."

"Ni mimi niliyeyafunga," nikasema. "Nilikuwa napima."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesamehe mtoto. Kwenye debe la unga wa muhogo kilibaki kiasi cha kufunika chini. Wambura alikwenda kwenye mfuko wake, akaleta muhogo wa kuchemsha, akampa kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akimpa mtu kitu kwa mikono miwili.

"Na ule wimbo, mama?" Mwalimu alimwuliza.

"Nawaimbia wale watoto," alisema. "Hakuna aliyewaogesha. Walizikwa haraka haraka."

Tulitoka uani kushauriana. Wambura alilisema jambo lilivyo: tukiandika ofisini maji yalitumiwa na nani, jioni soko zima litajua, na kesho lori la kwanza la dagaa litaipeleka habari Suguti. Tukiandika uongo kwamba bomba limepasuka, karani ataleta watu wafukue sakafu. Mwalimu alisikiliza akitazama ziwa.

"Kwetu Butiama kuna nyumba ya walimu ina chumba," alisema. "Na kuna wajawazito. Hii bili niachieni."

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini kama kawaida yake. Karani alipomwona alishika kichwa. Mwalimu akasema, "Nimekuja kuondoa malalamiko. Maji yale ni yangu. Mtanikata kwenye mshahara kidogo kidogo."

Karani aliweka kalamu mezani. "Mwalimu, wiki nzima umetutukana hapa. Ulisema mita yetu imelewa."

"Nilikuwa nimesahau."

"Umesahau kwamba unaoga Makoko?"

"Nimekumbuka. Nipe kalamu."

Akatia sahihi zote mbili, ya deni na ya bomba la shule. Karani alinitazama mimi, nami nikatazama dari. Nasikia mpaka anastaafu alikuwa akitoa mfano wa Mwalimu yule kuthibitisha kwamba wateja wote ni waongo.

Siku hiyohiyo Wambura alipewa Land Rover kwenda kufungua maji Butiama. Tulipitia Makoko mchana, saa ambayo wanaume wako ziwani na wanawake wako sokoni. Tulimwaga maji ya vyombo vyote uani, kazi iliyotuchukua muda, na nikafunga stopkoki na kung'oa mita. Nyamisi alitoka amejifunika kanga mpaka machoni. Jua lilimpiga, akayumba, Mwalimu akamshika.

Mama Bwire alikuwa amesimama nyuma ya minyaa yake. Sikujua yuko pale. Aliona kila kitu. Tulisimama tukitazamana, na nikafikiri yote yameharibika. Yeye akaingia ndani, akarudi na kifurushi, akakiweka juu ya jiwe la mpakani, akageuka na kuondoka bila kutazama nyuma. Ndani yake mlikuwa na viazi vya moto na kanga mpya isiyofuliwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nilikuwa nampitia kusoma mita yake, na hakunitajia neno. Mpaka leo sijui kama viazi vile alimpa mtu aliye hai au alimpa marehemu ili aende zake kwa amani.

Njia nzima Nyamisi hakusema. Tulipovuka kijito karibu na kijiji, gari lilisimama kwa sababu ya ng'ombe. Msichana mwenye mzigo wa kuni alikuwa anapita, akachungulia dirishani, akaona mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

Nyamisi alibaki amekodoa macho. Msichana akadhani hakusikia, akarudia kwa adabu. Mwalimu aliangalia mbele, mimi niliangalia mbele, Wambura akashika usukani kwa nguvu ingawa gari lilikuwa limesimama. Ndipo sauti ile niliyoisikia ndani ya chuma ikasema, "Marahaba, mwanangu."

Jioni ile tulifungua maji ya shule, na watoto wakalowa wote. Kijijini alijulikana kama shangazi wa Mwalimu.

Miezi ilipita. Siku moja mzee mmoja aliingia ofisini akitembelea fimbo, koti limemzidi, uso umebaki mifupa. Nilimjua kabla hajasema. Alisimama dirishani mbele ya watu wote, akauliza nani aliyefunga maji ya nyumba yake Makoko. Karani akaniita. Maingu alinitazama, na midomo yake ikawa inatafuta njia, maana kitu alichotaka kuuliza hakikuwa na jina. Hawezi mtu kuulizia alipo dada aliyemlilia matanga.

"Nilikuta mlango wa nyuma uko wazi," alisema. "Sakafu kavu."

"Umepotelewa na kitu, mzee?" karani aliuliza.

"Hapana," akasema. "Hakukuwa na kitu."

Nikamshika mkono, nikamtoa nje, mpaka nyuma ya karakana kwenye rundo la mabomba. Nikamwambia, "Mzee wangu, Mwalimu Nyangeta wa Butiama anakusalimu. Na shangazi yake anakusalimu. Juzi nilipita kule nikamkuta anachuma kunde."

Alikaa juu ya mabomba. Fimbo yake ilianguka, hakuiokota.

"Nje?" aliuliza. "Mchana?"

"Nje, mchana. Mwezi uliopita amezalisha mapacha."

Alijifuta uso kwa mkono wa koti. Halafu akaniuliza basi la Butiama linasimama wapi, mtu aliyeishi Musoma tangu kabla mimi sijazaliwa. Nikaokota fimbo yake, nikampeleka.